Mungu Hakuziba Kalavati

Kuna mahubiri ambayo huja baada ya maji. Hayachelewi kamwe. Miili bado inatafutwa kwenye matope, na mtu ashawasha simu anatangaza laivu kwamba Mungu ameikasirikia Kenya. Sababu hubadilika kulingana na msimu: mara ni mashoga, mara ni wazinzi, mara ni vijana wa TikTok, mara ni viongozi wezi (hii ya mwisho angalau ina ushahidi). Lakini mwisho wake huwa mmoja. Tubuni, tuma sadaka, namba ya simu iko chini ya video.

Nataka kubishana na mahubiri hayo, na nibishane nayo nikiwa nimekaa ndani ya kanisa, kwenye benchi, Biblia mkononi. Hili si andiko la kuwaambia watu waache kusali. Wale wanaotaka kusikia kwamba dini yote ni upuzi watafute ukurasa mwingine, ziko nyingi.

Tuanze na Mai Mahiu, kwa sababu hapo ndipo mahubiri haya yalivuma sana. Alfajiri ya Jumatatu, 29 Aprili 2024, maji yalishuka kutoka upande wa Old Kijabe yakapiga vijiji watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 45 walikufa. Mwanzoni stori ilikuwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza: halikuwa bwawa. Kuna mahali mto unapita chini ya tuta la reli kupitia tundu, na tundu hilo lilikuwa limezibwa na magogo, mawe na matope. Mvua ikaendelea kunyesha, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, uzito ukapanda, kisha kila kitu kikaachia kwa mpigo.

Soma hiyo tena polepole. Tuta lilijengwa na watu. Tundu lilichimbwa na watu. Kulisafisha ni kazi ya mtu mwenye cheo, ofisi na mshahara. Mvua ilitoka juu, sawa, sina ubishi. Lakini hakuna malaika aliyeshuka usiku kusukuma gogo ndani ya kalavati.

Msimu ule mzima, Machi hadi Mei, mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Siku chache baada ya Mai Mahiu nilikuwa kwenye matatu ya kutoka tao, mhubiri akapanda, wale wa suti kubwa na sauti ya kukwaruza. Akatupatia ile ile: nchi imetenda dhambi, Mungu ameanza kufagia. Mama mmoja aliyekuwa dirishani akamuuliza, bila hasira, "Pasta, na wale watoto?" Jamaa akamwambia, "Mama, soma Biblia."

Haya basi. Tusome.

Luka sura ya 13. Watu wanamletea Yesu habari mbaya, kuna Wagalilaya Pilato amewaua wakiwa kwenye sadaka. Yesu mwenyewe anaongeza habari nyingine ya mjini: mnara wa Siloamu umeanguka ukaua watu 18. Yaani jengo limeporomoka. Kwa lugha ya Nairobi, ni Huruma, ile nyumba ya ghorofa iliyoanguka usiku wa mvua tarehe 29 Aprili 2016 ikaua watu takriban 50, nyumba ambayo ilikuwa tayari imewekwa alama ya kubomolewa na watu bado wanalipa rent ndani. (Ndiyo, tarehe ni ile ile ya Mai Mahiu, miaka minane kabla. Nabii wa namba angejenga mkutano mzima wa wiki moja hapo. Mimi naona tu kwamba Aprili ni mwezi wa masika, na kwamba kila Aprili tunashangaa kwamba mvua imenyesha.)

Sasa, Yesu aliulizaje kuhusu wale 18? Aliuliza kama walikuwa wenye hatia kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Na hakuliacha swali likining'inia, alilijibu mwenyewe: hapana. Kama kuna mahali popote kwenye Injili ambapo swali letu limewekwa mezani likajibiwa waziwazi, ni hapo. Msiba uko, jengo limeanguka, watu wanataka kujua dhambi ya marehemu, na jibu ni hapana.

Najua unachotaka kusema. Endelea na mstari! Na ni kweli, mstari unaendelea: msipotubu ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Hii ndiyo karata kubwa ya wale wa hukumu na sitaificha. Lakini angalia anaambiwa nani. Hawaambiwi waliofukiwa. Hawaambiwi wajane wao. Wanaoambiwa watubu ni wale walio hai, wamesimama wakavu, wanachambua maiti za wengine. Neno toba limeondolewa kwa aliyekufa likawekwa mlangoni kwa anayeuliza. Mhubiri wa matatu ameligeuza likaangalia nyuma.

Na hata hapo sura haijaisha, ingawa mahubiri mengi hufungwa hapo. Yesu anaingia moja kwa moja kwenye hadithi ya mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anamwomba aupe mwaka mmoja zaidi, auchimbie pembeni, autilie samadi. Mimi hupenda sana huyu mtunzaji. Hukumu inakuja, na anachofanya ni kushika jembe. Hatoi hotuba kwa mti.

Yohana 9 ni mwendo huo huo. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza swali la Kikenya kabisa: nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake? Yesu anakataa chaguo zote mbili, anatema mate chini, anatengeneza matope, anaanza kazi. Wao wanataka maelezo, yeye tayari mikono imechafuka.

Mtu ataniambia Agano la Kale ni habari nyingine. Nuhu je? Sodoma je? Sawa, twende huko, hakuna haja ya kuogopa. Katika hadithi ya Nuhu onyo linatangulia, na onyo lenyewe limekuja na vipimo vya mikono, mbao na lami. Nuhu anajenga. Nabii wetu wa Facebook hutabiri gharika Jumanne iliyofuata gharika ya Jumatatu. Hajengi hata mtumbwi. Sodoma nayo, Ibrahimu anasimama mbele ya Mungu akibishana, anateremsha bei kama mtu wa Gikomba, kutoka 50 hadi 10, akiwatetea watu ambao hata si wa ukoo wake. Nionyeshe mhubiri mmoja wa hukumu aliyelala usiku mmoja akiitetea Mathare hivyo kabla mvua haijafika. Na kama unataka kujua dhambi ya Sodoma, Ezekieli 16 anaitaja: kiburi, shibe ya chakula, starehe, na kutomsaidia maskini. Ukitaka kusoma mafuriko ya Nairobi kwa miwani ya Sodoma, uwe mwangalifu, maana moto huo haungeanzia ukingo wa mto. Ungeanzia kwenye mitaa yenye lango na mlinzi.

Hapo ndipo nadharia hii ya hukumu inapokwama kwangu kabisa, hata nikiacha maandiko kando. Kwa nini ghadhabu ya Mungu inafuata bei ya ploti? Zaidi ya nusu ya wakazi wa Nairobi wamebanwa kwenye kipande kidogo sana cha ardhi ya jiji, na sehemu kubwa ya kipande hicho iko kando ya mito na mitaro. Mto Mathare ukifurika unabeba mabati. Kama mbinguni kuna orodha ya wenye dhambi wa nchi hii, wale waliouza ardhi ya umma, waliokula pesa za mabwawa, waliosaini vibali vya kujenga juu ya mto, basi huyu malaika wa maji amepewa anwani zisizo sahihi kwa miaka sitini.

Na si Kenya peke yake. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilipiga Haiti. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, lakini hata yale ya chini ni makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu. Siku moja baadaye mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, akasema Wahaiti waliwahi kufanya mkataba na shetani. Mkataba aliousema ulikuwa wa wakati watumwa walipowafukuza mabwana zao. Yaani uhuru wa mtu mweusi ndio dhambi. Sawa. Wiki sita baadaye, 27 Februari, Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, lenye nguvu takriban mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 500. Je, Mungu aliwapenda Wachile zaidi? Ama ni kwamba Chile ina sheria kali za ujenzi na huzifuata, na Port-au-Prince ilijengwa kwa saruji ya kubahatisha na umaskini ambao Ufaransa iliutoza deni kwa zaidi ya karne?

Ukitaka mfano wa kwetu upo, na husahaulika. Ile tsunami ya 26 Desemba 2004 ilivuka Bahari ya Hindi yote ikafika huku. Somalia, hasa upande wa Hafun, ilipoteza watu karibu 300. Kenya ilipoteza mmoja. Habari zilikuwa zimefika kabla ya mawimbi, watu wakatolewa ufuoni, wavuvi wakaambiwa. Sijawahi kusikia mtu akihubiri kwamba Mombasa ilikuwa takatifu kuliko Hafun. Wanaoijua Mombasa ya Desemba wanaelewa kwa nini.

Waliobishana jambo hili kwa uchungu kuliko sisi ni watu wa Lisbon. Asubuhi ya 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, tetemeko. Mapaa yakawaangukia waliokuwa wanasali. Waliokimbilia bandarini wakapatwa na mawimbi. Mishumaa iliyowashwa kwa heshima ya watakatifu ikasaidia kuwasha moto ulioteketeza jiji kwa siku kadhaa. Fikiria, kama ni hukumu, imechagua saa ya ibada. Padre Mjesuti mmoja aliyeitwa Gabriel Malagrida akachapisha andiko mwaka 1756 akisema chanzo ni dhambi za jiji, na kwamba kusema ni nguvu za asili ni kumkufuru Mungu. Alitaka watu waende mafungo ya toba badala ya kuhangaika na ujenzi. Waziri mkuu wa baadaye, Pombal, hakumvumilia, na mwaka 1761 Malagrida aliuawa kikatili, jambo ambalo siwezi kulisifu. Huwezi kumjibu mhubiri mbaya kwa kumnyonga.

Lakini Pombal alifanya kitu kingine kizuri sana. Alituma orodha ya maswali kwa maparoko wa nchi nzima. Tetemeko lilidumu muda gani? Watu wangapi walikufa parokiani kwako? Bahari ilipanda ama ilishuka kwanza? Na maparoko wakajibu, wakaandika, na majibu yao ni miongoni mwa mianzo ya sayansi ya matetemeko. Hebu waza, ni mapadre walewale. Yule mtu aliyezika waumini wake ndiye aliyekuwa na takwimu, kwa sababu alijua majina. Kazi hiyo haikumpunguzia imani hata tone.

Sasa niulize swali ambalo huulizwa kwenye kesi yoyote ya jinai: nani anafaidika? Maana mahubiri ya hukumu si kosa la kitheolojia tu ambalo tunaweza kuliacha kwa wanafunzi wa seminari. Yana kazi yanayofanya mjini. Mawakili na kampuni za bima wana msemo, tendo la Mungu, maana yake hakuna mtu wa kulipa. Pasta anaposema "ni mkono wa Mungu" anamwandikia mhandisi, mwanakandarasi na ofisi ya kaunti barua ya msamaha ambayo hawakuomba hata. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018 likaua zaidi ya watu 40, lilikuwa bwawa la mtu binafsi, na mamlaka za maji zenyewe zilisema halikuwa na kibali. Kesi ikazunguka kortini miaka na miaka. Lakini mazishini tulisikia nini? Kazi ya Mungu haina makosa. Jamani. Ile ilikuwa kazi ya mwanakandarasi, na ilikuwa na makosa.

Ndiyo maana serikali zetu hupenda lugha ya mbinguni. Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba El Niño iliyokuwa imetabiriwa haitakuja, tutapata mvua ya kawaida tu na tushukuru. Mvua ikaja, ikaua zaidi ya watu 100 kabla ya Krismasi. Mwaka uliofuata, baada ya Mai Mahiu, tingatinga zikashuka Mathare na Mukuru kubomoa nyumba zilizo karibu na mto, watu wakaahidiwa Sh10,000 wakatafute keja kwingine, na 10 Mei ikawa sikukuu ya kuomboleza na kupanda miti. Mimi napenda miti. Lakini unaona jinsi aliyefiwa alivyogeuka mshtakiwa: alijenga vibaya, alikaa vibaya, na kwa mujibu wa pasta, aliishi vibaya. Maskini anakufa akiwa na makosa matatu na hakuna hata moja lililosajiliwa kwa jina la ofisi.

Kuna njia ya kati ambayo watu wenye akili hushika, na nataka kuitendea haki. Wanasema: Mungu hatumi mafuriko, lakini dhambi ina matokeo, na matokeo hayo ndiyo hukumu. Hii naiheshimu kiasi. Manabii walijua kwamba ulafi wa mji mkuu hukausha malisho ya mbali. Chukua ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa kaskazini. Wanasayansi waliochunguza ukame wa Pembe ya Afrika wakakuta joto linalosababishwa na binadamu liliufanya uwezekane mara 100 zaidi. Kwa hiyo ndiyo, kuna mtu ametenda. Lakini mafuta yamechomwa Houston na Shanghai, na ng'ombe amekufa Marsabit, kwa mfugaji ambaye hajawahi kupanda hata ndege. Ukiita hiyo hukumu, umeita hukumu kitendo cha mmoja kula na mwingine kuhara. Biblia ina neno lingine la hali ambapo mnyonge analipa deni la mwenye nguvu. Inaiita dhuluma, na Mungu wa manabii huwa upande wa mlalamishi.

Na maombi? Tarehe 14 Februari 2023 taifa lilikusanyika Nakuru kuombea mvua. Sina shida na hilo, hata kidogo. Mkulima ambaye haombei mvua hajapanda. Shida yangu ni maombi yasiyo na jembe la yule mtunzaji wa mtini. Farao alipopata ndoto ya njaa ya miaka saba, Yusufu hakutafuta mwenye dhambi Misri. Alitafuta maghala. Na kanisa la Antiokia, kwenye Matendo 11, lilipotabiriwa na Agabo kwamba njaa inakuja, halikuuliza Yudea imefanya nini. Kila mmoja akatoa kadiri alivyoweza, pesa zikapelekwa. Huo ndio unabii ninaouelewa: unakuja kabla, na unaishia na risiti.

Marafiki wa Ayubu huchekwa sana, lakini walifanya jambo moja sahihi. Walikaa naye chini mavumbini siku saba, kimya, mchana na usiku. Matatizo yalianza walipofungua mdomo kueleza. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na anamtetea Ayubu aliyekuwa akimlalamikia. Makanisa mengi ya mtaani yalifanya zile siku saba mwaka 2024. Yalifungua milango, yakapanga watu kwenye mabenchi, akina mama wakapika ugali wa sufuria kubwa, na hakuna aliyeulizwa kadi ya uanachama. Hakuna video iliyovuma ya hayo. Video iliyovuma ni ya yule wa suti.

Masika huanza Machi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa taarifa kabla ya hapo, huwa bure, na makanisa ya nchi hii yana spika ambazo majirani wamezilalamikia miaka mingi. Jumapili ya mwisho ya Februari, baada ya matangazo ya harusi na kabla ya sadaka ya pili, mtu asome ile taarifa. Kisha wanaume wa ushirika, ambao wana majembe na wana mchana mzima, washuke hadi kalavati iliyo karibu waone kama maji yanapita. Yakiwa hayapiti, wapige picha, waandike jina la ofisi inayohusika, na pasta aitaje madhabahuni kila wiki hadi isafishwe.

Kwa jina kamili, vile huwa anataja wazinzi.